Almasi, Fidla na Amri ya Nane

Uko muziki mmoja ambao watu wengi wa Ulaya na Marekani waujua, lakini ukiwauliza jina lake hawana jibu, na ukiwauliza ni nani aliyeutunga hawana jibu pia. Wajualo ni kile kitu kilichokuwa kikiuzwa. Fidla kubwa zaanza kwa noti fupi fupi zilizokatwa, mfano wa hatua za watu wengi waendao pamoja juu ya sakafu ya mawe. Zanyamaza kidogo, zarudia. Ndipo fidla ndogo zajibu kutoka juu. Hapana mwimbaji, wala ngoma, wala neno lo lote. Hata hivyo Mwingereza aliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1990, akiusikia muziki huo, aona almasi mbele ya macho yake.

Muziki huo huitwa Palladio, na mtungaji wake ni Karl Jenkins, mtu wa Wales. Nimeuchagua ili tufikiri pamoja juu ya swali ambalo walimu wa kwaya na wainjilisti wetu huulizwa kwa namna nyingi: je, uzuri uliokwisha kutumiwa kunadi bidhaa waweza kuingia katika nyumba ya Mungu? Bibi arusi ataka apigiwe muziki fulani aingiapo kanisani. Mwalimu ajua kwamba muziki ule ndio wa tangazo la bia au la sabuni, naye hajui la kujibu. Wengine hujibu upesi, huyu ndiyo, huyu siyo. Mimi naona wote wawili wamekwenda mbio mno.

Kwanza tujue habari zenyewe. Karl Jenkins alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Penclawdd. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na tena mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya katika kanisa la kijijini, naye ndiye aliyemfundisha mtoto wake mwanzo wa muziki. Basi mtu huyu alikua katikati ya tenzi, kama walivyokua wengi wa wasomaji wa gazeti hili. Akasoma Cardiff, kisha London. Akawa hodari wa kupiga obo, ile zumari ya Kizungu. Mwaka 1972 akaingia katika bendi ya Soft Machine. Na baadaye akafanya kazi ya kutunga muziki wa matangazo ya biashara. Mwaka 1993 kampuni ya De Beers ilianza kuonyesha katika televisheni matangazo ya almasi yenye muziki wake. Miaka miwili baadaye, yaani 1995, Jenkins alikuwa ameipanua sauti ile fupi ikawa kazi kamili ya sehemu tatu, kwa ala za nyuzi peke yake, kwa namna walivyotunga Waitalia wa siku za Corelli na Vivaldi: sehemu ya kwanza ya mwendo wa kadiri, ya pili ya polepole, ya tatu ya haraka. Yote yachukua kama robo saa. Mwaka 1996 ikatoka katika sahani ambayo jina lake halikuficha ilikotoka, maana iliitwa Muziki wa Almasi. Tangu hapo vijana wa shule wajifunzao fidla wameipiga katika nchi nyingi, na mwaka 2008 wanawake wanne waitwao Escala waliipiga katika shindano la televisheni huko Uingereza, watu wakasimama na kushangilia.

Sasa tuwasikilize wale wasemao siyo. Wao husema: kilichofanywa kwa fedha ya mfanyabiashara kina najisi ya mfanyabiashara. Neno hili laonekana kuwa la uchaji, lakini likishikwa sana litatuachia kanisa tupu. Lile jina lenyewe la Palladio latufundisha. Andrea Palladio, aliyezaliwa mwaka 1508 na kufa mwaka 1580, alikuwa fundi mkuu wa majengo katika nchi ya Venice. Jenkins aliupa muziki wake jina hilo kwa sababu alipenda jinsi fundi yule alivyojenga kwa vipimo vya hesabu, urefu ukilingana na upana kwa uwiano ulio wazi. Palladio alijenga nyumba za mashamba za mabwana matajiri waliotaka jirani zao wauone utajiri wao. Mtu yule yule, kwa vipimo vile vile, ndiye aliyechora kanisa la Mwokozi, liitwalo Il Redentore, ambalo wakuu wa Venice waliweka nadhiri kulijenga walipopigwa na tauni, na ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1577. Nguzo za kanisa na nguzo za nyumba ya tajiri zilitoka katika mkono mmoja. Mkono ule ulilipwa kwa kazi zote mbili, na Bwana wetu hakusema kwamba mtenda kazi asipewe ujira wake.

Nasi Walutheri tusijifanye kana kwamba hatujui. Mwaka 1734 Johann Sebastian Bach alifungua Oratorio yake ya Krismasi kwa matarumbeta na ngoma zilizokuwa zimepigwa mwaka uliotangulia katika siku ya kuzaliwa ya malkia. Alibadili maneno, sauti akaziacha. Wimbo wa mateso wa Paul Gerhardt, uimbwao Ijumaa Kuu hata watu wazima wakalia, sauti yake ilitungwa na Hans Leo Hassler, ikachapishwa mwaka 1601 kuwa wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa mapenzi. Dr. Martin Luther mwenyewe alipoandika wimbo wake wa Krismasi kwa ajili ya watoto, mwaka 1535 ulichapishwa pamoja na sauti ya wimbo wa vitendawili ambao vijana waliuimba katika michezo yao; ile sauti tuijuayo leo ilikuja mwaka 1539. Mtu aliyeuweka muziki karibu na theolojia hakuogopa kuuokota njiani.

Basi wale wasemao ndiyo hufurahi na kusema: Mwaona? Noti ni noti, hazina dini wala dhambi, tupige tutakavyo. Hapo nami nawaomba wangoje kidogo. Maana ni kweli kwamba noti hazina dhambi, kama vile ulimi ni kipande cha nyama kisicho na dhambi. Swali ni ulimi umesema nini.

Tuliangalie tangazo lenyewe. Mwanamume na mwanamke walionekana, lakini walikuwa vivuli tu, hawana uso, hawana rangi wala jina. Kivuli kikanyosha mkono kwa kivuli. Kitu kimoja tu katika picha yote kilikuwa halisi na kung'aa, nacho ni lile jiwe. Maandiko nayo hutuambia mara nyingi kwamba siku za mwanadamu zapita kama kivuli. Lakini husema hivyo mbele za Mungu aliye hai, ili tumkimbilie. Hapa mwanadamu amefanywa kivuli mbele ya kipande cha kaboni, ndugu yake makaa. Na fidla zile za Jenkins, kwa mwendo wao ulio imara usiosita, ziliuambia moyo wa mtazamaji kwamba hivyo ndivyo ilivyo, kwamba watu hupita na jiwe hukaa. Maneno yalikuja mwishoni tu, machache, nayo yalikuwa yale yaliyotumiwa na kampuni hiyo tangu zamani, ya kwamba almasi ni ya milele.

Usemi huo uliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety, mwandishi wa matangazo huko Marekani. (Mwaka huo huo, kwa kupita tu, jiwe la rangi ya waridi lililochimbwa Mwadui, karibu na Shinyanga, katika mgodi wa Mkanada John Williamson, lilitolewa kwa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi. Jiwe hilo zuri lilikuwa na uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa. Basi hatuwezi kusema kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mawe mengine yaliyong'aa katika vidole vya Ulaya yalitoka katika udongo wa Wasukuma.) Sasa tuupime usemi ule. Je, almasi ni ya milele? Mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier alikusanya miali ya jua kwa kioo kikubwa, akaiteketeza almasi, ikageuka kuwa hewa. Na mtu aliyenunua pete ya almasi dukani, akilazimishwa na shida kuiuza tena, kwa kawaida hapati bei aliyotoa, wala hakaribii. Neno milele ni neno ambalo Kanisa hulitaja kwa hofu, mwishoni mwa sala, juu ya Mungu na uzima wake. Kulitundika juu ya bidhaa ni ujasiri mkubwa.

Hata hivyo sitaki kusimama juu ya jambo la jiwe kuteketea. Mfanyabiashara atajibu, tena kwa haki, kwamba hakuna mnunuzi aliyedanganyika. Kila mtu ajua kwamba ni usemi wa mapambo. Uongo mzito uko mahali pengine, na ili tuuone, tufungue Katekisimo Ndogo, amri ya nane. Amri hiyo haikatazi uongo kwa jumla tu. Yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Yuko mtu anayesimama mbele ya baraza, na yuko mwingine anayemsema. Basi katika tangazo la almasi jirani ni nani? Si mnunuzi. Mnunuzi asifiwa. Jirani ni yule kijana ambaye hayumo katika picha, mwenye mchumba ampendaye na asiye na fedha. Ikiwa jiwe ndilo lishuhudialo kwamba upendo wa mtu fulani utadumu, basi mtu asiye na jiwe ameshuhudiwa kinyume: upendo wake ni wa muda. Hakuna aliyelitamka neno hilo, kwa hiyo hakuna awezaye kulikanusha. Lilipigwa kwa fidla. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, matangazo ya kampuni hiyo hiyo yalifika hata kupima upendo kwa hesabu, yakiwafundisha vijana kwamba mshahara wa miezi miwili ndio ufaao kutolewa kwa ajili ya pete. Kijana mchukuzi wa mizigo alikwenda nyumbani na hesabu hiyo kichwani mwake, na msichana pia.

Hili ndilo naliona kuwa jambo lenyewe. Muziki hutenda kazi ya shahidi. Hauelezi, hauthibitishi, bali husimama kando ya jambo na kulitilia uzito. Nasi huamini kwa sababu kitu kizuri hivyo, twadhani, hakiwezi kusimama kando ya uongo. Ndiyo maana mfanyabiashara huulipa. Angeweza kusema kwa maneno matupu, Nunua jiwe langu. Lakini ajua kwamba neno lake peke yake ni neno la mtu atakaye fedha. Kwa hiyo humtafuta shahidi ambaye hana faida ya kupata. Fidla hazinunui wala haziuzi. Kadiri muziki ulivyo safi na uliopimwa vizuri, kama kazi hii ya Jenkins ilivyo, ndivyo ushuhuda wake upatavyo nguvu. Wimbo mbaya usingaliweza kufanya madhara hayo.

Lakini mtu aweza kusema: mbona wimbo wa Hassler haukutuletea mapenzi ya kijana yule kanisani? Jibu ni kwamba maneno yake ya kwanza yamesahauliwa na sharika, wala hayakuwa maneno ya kumshuhudia jirani uongo; kijana alisema kweli, alipenda na alichanganyikiwa. Tangazo ni jambo jingine. Lilirudiwa jioni baada ya jioni, kwa miaka, kwa makusudi ya kufunga sauti na bidhaa pamoja kwa fundo lisilofunguka. Wakati waweza kulifungua. Naamini waanza kulifungua hata sasa, kwa maana watoto wapigao Palladio shuleni hawakuwahi kuliona tangazo lile, na kwao ni muziki wa kufurahisha tu, wenye mwendo mzuri kwa mkono wa upinde. Kwao noti ni noti kweli. Siwaoni kuwa na kosa lo lote.

Wala simhukumu mtungaji. Tukianza kuwahukumu watungaji kwa kazi zao za ujira, tutamaliza na seremala aliyetengeneza mlango wa kilabu cha pombe. Mwaka 2000 Jenkins alitoa misa ya kuombea amani, akaiweka wakfu kwa ajili ya watu walioteswa katika vita vya Kosovo. Wengi wamefarijiwa nayo. Mtu ni mmoja.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, aliwakuta watu wa namna zile zile mbili. Wako waliosema nyama ni najisi, na wako waliosema sanamu si kitu, tule. Paulo aliwapa hao wa pili haki katika ujuzi wao, kwa kuwa sanamu si kitu kweli. Kisha akawaonyesha mtu waliyemsahau, yaani ndugu aliye dhaifu, ambaye kwake kipande kile cha nyama bado kina harufu ya hekalu la zamani. Swali likahama kutoka sahanini likaenda kwa mtu aliyeketi upande wa pili wa meza.

Basi ndugu dhaifu wetu ni nani? Katika sharika zetu pete za almasi ni chache, na pengine msomaji amesema moyoni kwamba nazungumza habari za mbali. Lakini ushuhuda ule ule wa uongo umekwisha kufika kwetu ukiwa na nguo nyingine. Wako kijana na msichana ambao wameishi pamoja miaka saba, wana watoto wawili waliobatizwa, nao hawashiriki Meza ya Bwana kwa sababu ndoa yao haijabarikiwa. Mzee wa kanisa awauliza sababu, wajibu kwamba bado wajiandaa. Wajiandaa na nini? Si kwa sala. Wangoja fedha ya ukumbi, ya magari yaliyopambwa, ya gauni, ya chakula cha watu mia tatu, ya mpiga picha na ya wapiga muziki. Wangoja kamati na michango. Mchungaji angeweza kuwabariki Jumapili ijayo mbele ya mashahidi wawili, na gharama yake ingekuwa ndogo sana. Hawataki, kwa kuwa wameshuhudiwa, nao wameamini, kwamba ndoa isiyong'aa si ndoa, na kwamba watu watasema. Nani aliyewaambia? Hakuna aliyewaambia kwa maneno. Wameona picha, wamesikia muziki, na arusi kubwa ikipita barabarani na matarumbeta yake, wao wamekaa kando na kujiona kuwa vivuli.

Hao ndio walioketi upande wa pili wa meza. Kwa ajili yao naona kwamba swali la mwalimu wa kwaya halihusu noti peke yake. Muziki wa fahari, hata uwe wetu kabisa, hata uwe umetungwa na Mlutheri mchaji, ukipigwa mlangoni mwa kanisa kwa tajiri na kunyimwa maskini, umekuwa tangazo. Na muziki uliotoka katika tangazo, ukipigwa sawasawa kwa kila bibi arusi aingiaye, mwenye gauni la kuazima na mwenye gauni la kununua, umekwisha kubadili ushuhuda wake. Najua usharika mmoja ambao wazee wake wameamua kwamba kundi la matarumbeta litawapigia wote, pasipo malipo, wimbo mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Atakaye zaidi azipige nyumbani kwake. Mwaka ule wa kwanza walibariki ndoa nyingi za watu waliokuwa wamengoja. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya matarumbeta peke yake. Wazee walitembea nyumba kwa nyumba pia.

Kuhusu Palladio yenyewe, mwalimu akiulizwa na bibi arusi, na amwulize kwanza yeye akumbuka nini ausikiapo. Akisema akumbuka shule, au mkono wa mwalimu wake wa fidla, sioni sababu ya kumkataza. Akisema akumbuka almasi, amwonyeshe sehemu ya pili, ile ya polepole. Tangazo lilichukua sehemu ya kwanza tu. Hii ya pili haikupelekwa sokoni, na watu wengi wapendao ile ya kwanza hawajui hata kwamba iko. Sauti moja ya fidla yapanda pole pole juu ya nyingine zilizo chini yake, kama mtu atafutaye neno. Kwa matarumbeta ni ngumu, maana yataka sauti ndefu zisizokatwa na pumzi. Afadhali ipigwe kwa kinanda, au kwa fidla tatu nne ikiwa usharika una vijana wazipigao.